Mwenye kijiko naye ni mwokoaji

Jengo likiporomoka mjini, waokoaji wa kwanza ni wale waliokuwa jirani: machinga, makuli, vijana wa duka la pili, wanaoinama na kuanza kufukua kwa mikono. Baadaye polisi wanafika na kuusukuma umati nyuma. Zimamoto wanaingia na jeki zao, misumeno na machela. Halafu linazuka swali ambalo kila aliyesimama pale analisema kwa sauti: kijiko, ule mtambo wa kuchimba na kunyanyua, kiko wapi?

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoanguka Kariakoo, Dar es Salaam, swali hilo lilikuwa la kufa na kupona. Chini ya kifusi kulikuwa na watu hai. Waliwasiliana na waokoaji, wakapelekewa oksijeni, maji na glukosi. Zaidi ya 80 walitoka wakiwa hai, na zaidi ya 20 walipoteza maisha. Katika mazingira kama yale, kijiko kinaweza kunyanyua slabu ya zege ambayo mikono mia haiwezi kuitikisa. Kijiko hichohicho, kikivuta slabu isiyopaswa kuguswa, kinaweza kumshushia mtu aliye hai ukuta uleule uliombakizia nafasi ya kupumua.

Sasa mfikirie aliyekaa kwenye kiti cha kijiko hicho. Mara nyingi ni dereva wa mkandarasi wa barabara. Jana alikuwa anachimba mtaro, leo kapigiwa simu aje haraka. Mbele yake kuna mwokoaji anayempungia mkono aendelee. Kushoto kuna askari anayemfokea asimame. Nyuma kuna ndugu wa waliofukiwa, kila mmoja akionyesha mahali anapoamini mtu wake yupo. Na kuna wakati mitambo yote inatakiwa izimwe, watu wanyamaze kabisa, ili waokoaji wasikie kama kuna anayegonga bomba au kuita huko chini. Dereva huyu amsikilize nani? Nani alimwambia kabla ya siku hiyo kwamba kutakuwa na kimya cha namna hiyo, na ishara yake ni ipi?

Miji mingi haina jibu la uhakika, kwa sababu tumezoea kuhesabu waokoaji kwa sare na ving'ora. Tukisema dharura tunawaza polisi, zimamoto na gari la wagonjwa. Watu wa barabara, maji, majitaka, umeme na taka tunawaona kama wa kesho yake, wa kuja kuzoa na kukarabati. Naamini hilo ni kosa, na kosa lenyewe linaanza kugharimu tangu saa ya kwanza ya tukio.

Tazama nani ana nini. Polisi ana mamlaka ya kufunga barabara, kuhamisha watu na kulinda mali. Zimamoto ana ujuzi wa kuzima na kuokoa. Lakini mji ni mtambo, na funguo za mtambo huo zimo mikononi mwa mafundi. Wao ndio wenye ramani ya mabomba, koki za kuelekeza maji, swichi za kukata umeme, mitambo ya kuhamisha tani za udongo, na kumbukumbu ya kilichozikwa chini ya lami. Bila wao, zimamoto anapigana na moto ndani ya nyumba asiyojua milango yake.

Chukua maji. Gari la zimamoto lenye lita 5,000, likimwaga lita 500 kwa dakika, lina dakika kumi tu. Baada ya hapo linahitaji kujazwa, ama na gari jingine, ama na kisima cha zimamoto kilichounganishwa na bomba la mtaa. Ndiyo maana watu husema "faya imekuja bila maji", wakati mara nyingi ilikuja nayo na yakaisha. Kisima chenyewe ni kifuniko cha chuma kinacholingana na sinia dogo, kimelazwa kando ya barabara, na chini yake kuna koki inayofunguliwa kwa ufunguo mrefu wenye umbo la herufi T. Barabara ikiongezwa lami, kifuniko kinafunikwa. Mwenye duka akiweka vigae mbele ya mlango wake, kinafunikwa. Fundi wa barabara hajui kwamba ameziba maji ya zimamoto, na zimamoto hajui kwamba barabara imepandishwa.

Mtaani kwetu, miaka kadhaa iliyopita, duka la magodoro liliwaka jioni. Gari la kwanza lilimwaga maji yake yakaisha, na askari wakaanza kukitafuta kisima kwa tochi za simu. Akatokea mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, na kipande cha nondo mkononi. Akawa anagonga chini hatua kwa hatua, anasikiliza, anasogea, anagonga tena. Mahali fulani mlio ukabadilika. "Afande, chimba hapa," akasema. Askari akamtazama. "Mzee, una uhakika?" Yule mzee akajibu, "Nilikiweka mwenyewe." Wakapasua lami kwa sululu na kifuniko kikaonekana. Maji yalitoka, ingawa kwa unyonge, kwa kuwa mtaa wetu siku ile haukuwa kwenye zamu ya maji. Duka likateketea pamoja na la jirani.

Habari ya zamu inahitaji kuelezwa, kwa sababu hapo ndipo ushirikiano unapoonekana kwa macho. Katika mji ambao maji hugawiwa kwa zamu, bomba lililo mbele ya moto linaweza kuwa tupu huku la mtaa wa tatu limejaa. Fundi wa mamlaka ya maji anaweza kufunga koki za maeneo mengine na kusukumia msukumo wote upande wa moto. Ni kazi ya mtu mmoja au wawili wenye funguo sahihi. Lakini lazima waambiwe mapema, wawe zamu usiku, wawe na usafiri, na polisi awapishe kwenye kizuizi cha barabara badala ya kuwarudisha kwa kuwa hawana sare anayoitambua. Kwenye umeme, haja ni ileile. Mwagia maji jengo lenye umeme unaopita na umemweka askari wa zimamoto hatarini. Kwa hiyo anasubiri laini ikatwe, na kila dakika ya kusubiri moto hausubiri.

Chini ya ardhi kuna hatari nyingine, na kwangu hiyo ndiyo yenye somo zito kuliko zote. Tarehe 12 Septemba 2011, jijini Nairobi, mafuta yalivuja kutoka kwenye mfumo wa bomba la mafuta yakaingia kwenye mtaro wa maji ya mvua. Mtaro ukayapeleka hadi kijiji cha Sinai, eneo la Mukuru, ambako nyumba za mabati zilikuwa zimejengwa pembezoni na hata juu yake. Watu walitoka na madumu kuchota. Moto ulipowaka ulifuata njia ya mtaro, na watu wapatao 100 wakafariki. Tukio lile lilihitaji mtu wa kusema, mafuta yalipoanza kuvuja tu: mtaro huu unaelekea wapi, unapita chini ya nyumba za nani, na tuuzibe wapi kwa mifuko ya mchanga? Swali hilo polisi hawezi kulijibu. Zimamoto hawezi kulijibu. Anayelijibu ni mhandisi wa mitaro.

Miaka 19 kabla yake, Guadalajara nchini Mexico, ilitokea jambo la kusikitisha zaidi, kwa sababu kule dalili zilionekana. Kwa siku kadhaa wakazi walilalamika kwamba mashimo ya majitaka yananuka petroli. Wazimamoto na mafundi wa maji walifungua chemba na kukuta mvuke unaoweza kulipuka. Amri ya kuhamisha watu haikutolewa. Asubuhi ya tarehe 22 Aprili 1992 mitaa ikaanza kupasuka, mlipuko baada ya mlipuko, kilomita kadhaa za barabara zikageuka mahandaki, na zaidi ya watu 200 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba bomba la maji la chuma lililopakwa zinki lilikuwa limelazwa karibu mno na bomba la petroli. Metali hizo mbili kwenye udongo wenye unyevu zilisababisha kutu iliyotoboa bomba la petroli. Mafuta yakaingia kwenye majitaka. Na kwa kuwa bomba kubwa la majitaka lilikuwa limepindishwa kwenda chini ili kupisha reli ya mjini, maji yalipita lakini mvuke ukanaswa.

Hesabu walioshika vipande vya habari ile: wa maji, wa majitaka, wa mafuta, wa reli, wazimamoto waliopima mvuke, na viongozi wenye uwezo wa kuhamisha watu. Hakuna meza iliyowakalisha pamoja na mtu mmoja mwenye wajibu wa kuuliza: hivi vipande vikiunganishwa vinasema nini?

Nyumbani, ugumu wa kuunganisha unaanzia kwenye muundo. Dar es Salaam ina halmashauri zake, za jiji na za manispaa, na kila moja ina wahandisi wake. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, unalolipigia 114, liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani pamoja na Polisi wa 112. Barabara kuu ni za TANROADS, za mitaa ni za TARURA, maji na majitaka ni ya DAWASA, nguzo na transfoma ni za TANESCO. Nairobi sura ni tofauti kidogo: zimamoto ni ya kaunti, polisi ni wa Serikali Kuu, na barabara nyingi kubwa za mjini zina mamlaka yake, KURA. Kila taasisi ina bajeti yake, magari yake, masafa yake ya redio na bosi wake. Hakuna ubaya katika hilo siku za kawaida. Ubaya unakuja pale mtaa mmoja unapowaka na taasisi tano zinafika, kila moja ikisubiri amri ya nyumbani kwake.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na sheria hiyo inaweka kamati kuanzia taifa hadi ngazi za chini. Ni hatua kubwa, kwa sababu mhandisi sasa ana mahali pa kukaa pamoja na kamanda wa polisi. Lakini tusichanganye kamati na kamandi. Kamati hupanga, hutathmini na hutafuta fedha. Kamandi iko mtaani, kwenye vumbi, na inatoa maamuzi kila dakika chache. Moto wa dukani unaamuliwa kabla wajumbe hawajatumiwa ujumbe wa kuitwa kikaoni.

Kamandi ya namna hiyo ina historia, nayo ilianza kwa aibu. Mwaka 1970, California nchini Marekani iliwaka kwa siku 13. Watu 16 walikufa na zaidi ya majengo 700 yakateketea. Vikosi vilikuwa vingi. Walipokaa kujichunguza wakagundua kwamba redio zao hazikusikilizana, kitu kimoja kiliitwa kwa majina matatu, na kiongozi mmoja alikuwa akipokea taarifa za watu wengi kuliko uwezo wa kichwa kimoja. Kutokana na hapo wakatengeneza Mfumo wa Kamandi ya Tukio, ambao baadaye ulienea nchi nzima na kuvuka mipaka.

Kiini chake ni rahisi. Tukio linakuwa na kamandi moja, na chini yake mafungu manne ya kazi: utekelezaji, mipango, vifaa na mahitaji, fedha na utawala. Kiongozi mmoja hasimamii zaidi ya watu saba, na inapendekezwa watano. Kila mtu ana bosi mmoja tu kwa muda wote wa tukio, hata kama bosi huyo ametoka taasisi nyingine. Maneno yanayotumika redioni ni ya kawaida, si misimbo ya kila kikosi. Na pale ambapo tukio linagusa mamlaka kadhaa, wakubwa wao wanasimama mahali pamoja na kutoa mpango mmoja. Hiyo ndiyo kamandi ya pamoja. Wazee wa pwani wanajua kwa nini: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kamandi ya pamoja haiwashushi manahodha, inawakalisha kwenye usukani mmoja.

Kwa miaka mingi mfumo huo ulikuwa wa wazimamoto. Wahandisi wa miji waliufahamu kwa kupita tu. Agizo la Rais wa Marekani la Desemba 2003 ndilo lililoandika waziwazi kwamba miongoni mwa waitikiaji wa dharura wamo watu wa kazi za umma na waendesha mitambo. Lililolazimisha hilo ni yale yaliyoonekana New York miaka miwili kabla.

Minara pacha ya World Trade Center ilipoanguka tarehe 11 Septemba 2001, mabomba makubwa ya maji ya eneo lile yalikatika. Wazimamoto walikuwa na mipira mikononi na visima vikavu. Maji yalipatikana kwa sababu boti za zimamoto zilisogea ukingoni mwa Mto Hudson na kuyavuta kutoka mtoni. Halafu kikabaki kifusi, chenye moto ndani yake uliodumu wiki nyingi. Aliyechukua jukumu la kifusi kile ni idara ya mji ya usanifu na ujenzi, ambayo wakazi wengi hawakuijua hata kwa jina, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kujenga na kukarabati majengo ya mji na mabomba ya majitaka. Iliita wakandarasi iliofahamiana nao, ikaligawa eneo sehemu nne, kila mmoja na yake.

Kilichonigusa katika habari ile ni ramani. Chini ya minara kulikuwa na ukuta wa zege uliozama ardhini mita 20 hivi, ukizuia maji ya mto yasiingie kwenye misingi. Vyumba vya chini vilivyokuwa vikiuegemeza ukuta huo vilikuwa vimevunjika. Kreni moja nzito ikisimama pasipofaa, ukuta ungeweza kuachia. Kwa hiyo wahandisi walishuka mashimoni, wakachora kila siku sehemu gani inabeba mtambo na sehemu gani haibebi, na michoro hiyo ikawa ndiyo sheria ya eneo. Ndipo dereva wa kijiko alipopata jibu la swali lake.

Haikuwa safari ya mapenzi matupu. Wazimamoto walikuwa wakitafuta wenzao 343 waliofia pale, na kwao kila pigo la mtambo lilikuwa pigo juu ya ndugu. Novemba mwaka ule, mji ulipopunguza idadi yao juu ya kifusi, walisukumana na polisi hadharani. Nalitaja hili kwa heshima, kwa sababu mpango wowote unaosema "tushirikiane" bila kuamua nani anaanza na nani anapisha utavunjika siku ambayo watu wana uchungu.

Kwetu mtihani wa kila mwaka unaitwa Jangwani. Mto Msimbazi ukijaa, Barabara ya Morogoro inafungwa pale bondeni, na magari ya wagonjwa yanayotoka Magomeni na Ubungo kwenda Muhimbili yanalazimika kuzunguka. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua zaidi ya watu 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Askari wa usalama barabarani anaweza kufunga Jangwani akiyaona maji yanapanda juu ya lami. Lakini mhandisi anayesoma kina cha mto huko juu anaweza kumwambia mapema kwamba maji yako njiani, na daraja lipi dogo upande wa Kigogo litafuata. Saa moja ya ziada inatosha kuhamishia magari mawili ya wagonjwa na moja la zimamoto upande wa pili wa mto kabla mji haujakatika vipande.

Yanayohitajika kuanza si ya mabilioni. Orodha ya zamu ya usiku yenye namba za simu za fundi wa koki, fundi wa umeme, mwenye kijiko na mwenye greda, inayosasishwa kila mwezi na kuwekwa kwenye chumba cha 114. Mkataba uliosainiwa kabla na wakandarasi wawili au watatu, unaosema dizeli inalipwa na nani, ili dereva asisubiri idhini huku watu wamefukiwa. Kitambulisho ambacho askari anayelinda kizuizi cha barabara anakifahamu. Kanuni kwamba barabara haikabidhiwi mpaka visima vya zimamoto vilivyomo vimeonekana na kufunguliwa mbele ya mtu wa zimamoto. Hili nalisisitiza, kwa sababu kisima kilichofunikwa hakina anayekilalamikia hadi siku ya moto. Na mazoezi, hasa usiku, hasa kwenye mitaa myembamba, ambapo mhandisi anakuwa mchezaji na si mgeni aliyealikwa kutazama.

Kuna jambo la mwisho linalomhusu dereva wetu. Askari wa zimamoto ana helmeti, barakoa, glavu na wenzake wa kambini wa kuzungumza nao baada ya kazi. Dereva wa kijiko mara nyingi ana kofia ya jua na fulana ya kung'aa. Anavuta vumbi lilelile la zege. Anaweza kuwa yeye wa kwanza kuona mkono wa mtu kwenye ndoo ya mtambo wake. Marekani ilichukua hadi Januari 2011 kusaini sheria ya matibabu ya waliougua baada ya kufanya kazi kwenye kifusi cha New York, na katika sheria hiyo wajenzi na wazoa kifusi wanatibiwa pamoja na askari. Kwetu, dereva akimaliza siku zake kwenye kifusi anarudi kwa mkandarasi wake, anakabidhi funguo, na Jumatatu anaendelea na mtaro alikouachia. Jina lake liingizwe kwenye daftari la waliookoa, na daktari amwite.